Tupeane uzoefu: Siku mlipowatoa watoto kwenda mashambani mkiwa ughaibuni

Bibie wa Chumbageni

Wana Tanga, salaam aleikum na habari za jioni.

Jumapili tulikuwa Muheza shambani kwa babu yao watoto. Machungwa yameiva, mzee anatutembeza, tukafika pahala vijia viwili vinagawanyika. Binti yangu wa miaka saba akasimama kama kagonga ukuta. "Mama, mshale uko wapi?" Babu kaangalia juu, kaangalia chini. Mie nilielewa, nikacheka mpaka nikakaa chini ya mchungwa.

Tumeishi Uingereza miaka mitano, baba yao alikwenda kusoma, kikaongezeka kibarua. Kule njia za miguu zinakatiza katikati ya mashamba ya watu na sheria inakuruhusu kupita. Unachofuata ni kimshale cha njano kwenye nguzo ya mbao. Cha buluu ni njia ambayo hata farasi na baiskeli zinapita. Wanangu waliijua mishale hiyo kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Matembezi yetu ya kwanza yalikuwa mwezi wa nne, kondoo ndio wamezaa. Baba yao kavaa moka. Mie nina chupa ya chai, mandazi, na mdogo kwenye kigari. Hakuna aliyetuambia kwamba penye ua hakuna geti kila mahali. Kuna vingazi vya mbao vya kuruka. Mtu mzima anaruka, kigari je? Tulivuka vingazi kumi na kimoja, kigari kimebebwa juujuu kama jeneza, huku mdogo akiwa mgongoni kwa khanga. Cha saba, moka moja ikabaki kwenye tope. Mume wangu hakusema neno, kawa anawatazama wale wanakondoo tu. Nikajua anapiga hesabu ya Idi.

Mdogo tulipomshusha akashika majani fulani ya pembeni, yanawasha hayo! Akalia mpaka kondoo wakakimbia. Kapita bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake, kachuma jani pana lililoota palepale, kamsugua mkono, kamwimbia kidogo, kaenda zake. Kule wanaamini jani lile ni dawa. Mie naona kilichomponya ni yule mbwa.

Kitu kimoja kilinikaa. Miaka mitano napita mashamba ya watu, nafunga geti nililolikuta limefungwa, naacha wazi nililolikuta wazi, ndio adabu yao. Mwenye shamba sikuwahi kumpa mkono hata mmoja. Trekta tu kwa mbali. Muheza hatukwenda hatua ishirini bila hodi, shikamoo, "huyu wa nani?", na buti ya gari tumerudi nayo imejaa machungwa ya watu ambao sijui hata majina yao.

Haya, nanyi mfunguke.

Yakhe wa Ngamiani

Vingazi kumi na kimoja? Kigari si mngekiacha kwenye cha kwanza jamani 😂 Nani angeiba, kondoo?

Bibie wa Chumbageni

Tulikuwa tumekiazima, mwanangu.

Mtu wa Raskazone

Mie nilikuwa Muscat, Oman. Watoto watatu, mke, shemeji, na sufuria la biriani kwenye taulo lisipoe. Safari ya Jebel Akhdar, tuone mawaridi, maana mlimani huko mwezi wa nne yanachanua. Tumefika Birkat al-Mawz, kizuizi cha polisi. Askari kaitazama gari yangu ndogo, katabasamu, kaniambia geuza. Mlima ule wanapandisha zenye fowilidraivu tu, mteremko wake unaunguza breki. Mke wangu akaniuliza mbele ya shemeji kama nilikuwa silijui hilo. Nilikuwa silijui.

Basi tukala biriani letu chini ya mitende hapohapo, kando ya mfereji, wenyewe wanauita falaj. Ule wa pale, Al-Khatmeen, ni mmoja wa mitano iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanatoka chini ya ardhi yanakuja yenyewe bila pampu, halafu wenye mashamba wanagawana kwa zamu. Wanangu wakatumbukiza miguu. Mke akafoka, "Tokeni humo, maji ya watu hayo!" Mzee mmoja mwenye kofia yake na jembe begani akajibu kutoka nyuma ya mitende, "Waache wachezee, bibi, zamu yangu hiyo."

Kiswahili kama cha Pangani. Kumbe ndiko alikozaliwa! Biriani lilibadilika ladha siku ile.

Ila wazazi, onyo: kwenye mabonde yao makavu msitandike mkeka katikati mkiona wingu mlimani. Kwenu jua kali, kumbe mvua imenyesha mbali huko, na maji yanashuka kama ukuta.

Shangazi Korogwe

Sisi Salalah, Oman hukohuko, msimu wa ukungu kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Madafu barabarani, migomba, mapapai! Nililia kwenye kibanda cha madafu, watoto wakaona haya. Sina la kuongeza.

Mwana Pongwe

Ujerumani hapa. Mkirudi msituni, wavueni watoto muwakague kupe: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Kuna chanjo ya homa ya ubongo ya kupe, lakini ugonjwa wa Lyme, nao unaletwa na kupe, hauna chanjo kwa sasa. Akitokwa na duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi, ni daktari hiyohiyo. Mama yangu nilipomsimulia alisema, "Kupe? Kwani mnafuga?"

Kaka wa Amboni

Mie ughaibuni sijafika, nasimulia upande wa pili. Wana wa kaka yangu walikuja likizo, nikawapeleka Mapango ya Amboni, kama kilomita nane tu kutoka mjini. Popo hawakuwaogopa. Giza hawakuliogopa. Walipoona chupa za marashi na sarafu za wenye nadhiri, mdogo akataka kujua nani anakuja kuzikusanya na lini.

Kimbembe kilikuwa Galanos, kwenye chemchemi ya maji moto. Ile harufu ya salfa, yai viza kabisa. Mkubwa kamgeukia mdogo, mdogo kamgeukia mama yao, mama yao kanigeukia mie.

Yakhe wa Ngamiani

Na wewe ukamgeukia nani? 😂😂 Bibie, huyo binti na mshale wake iliishaje?

Bibie wa Chumbageni

Babu yake hakutaka mgeni apate tabu. Asubuhi yake kachukua chokaa, kachora mshale mkubwa kwenye mnazi wa njia panda. Binti kaufuata mbio, anafurahi. Umempeleka chooni.