Poka (Texas Hold'em): A-Q, flopu ya Q-9-4, halafu kwenye tani anapandisha: nifuate au nitupe?

Entebbe_Batani:
Wakuu, naombeni maoni kuhusu mkono huu. Meza ya Kampala, wachezaji wanane, blaindi (beti za lazima) shilingi 1,000 na 2,000. Sisi wote tulioingia tuna 300,000. Niko nafasi ya katikati na A ya shupaza na Q ya uru. Napandisha hadi 10,000, aliye batani (anayecheza mwisho) anafuata, blaindi kubwa naye anafuata. Poti (pesa zote zilizobetiwa) 31,000.

Flopu (karata tatu za kwanza mezani): Q ya kopa, 9 ya kopa, 4 ya pau. Blaindi kubwa anacheki (anapita bila kubeti), nabeti 20,000, batani anafuata, blaindi kubwa anatupa. Poti 71,000.

Tani (karata ya nne mezani): 7 ya shupaza. Nabeti 50,000, batani anapandisha hadi 150,000. Nimebakiwa na 220,000. Jamaa huyu hana vurugu, hufuata sana na kupandisha ni nadra. Nina jozi ya juu na kika (karata ya pembeni ya jozi) bora kabisa. Nitupe kweli?

Jinja_Riva:
Tupa, ssebo. Anza na bei. Kwenye poti sasa kuna 271,000 na unatakiwa kuongeza 100,000. Gawa 100,000 kwa 371,000: unahitaji kushinda kama asilimia 27. Inaonekana rahisi, lakini hiyo si bei yote. Ukifuata unabaki na 120,000 tu, na riva (karata ya tano, ya mwisho) atakudai hizo pia. Kwa hiyo unaweka 220,000 kutafuta 391,000, yaani asilimia 36.

Sasa hesabu karata zake. 9-9 zipo namna 3, 7-7 namna 3, 4-4 namna 3. Q-9 za aina moja zimebaki namna 2 tu, shupaza na pau, kwa sababu Q ya uru unayo mkononi na ya kopa iko mezani. Jumla 11. Akiwa na seti (jozi ya mkononi na ya tatu mezani), hakuna karata hata moja ya kukuokoa. Akiwa na Q-9, unaomba A tatu kati ya karata 44, kama asilimia 7.

Anayewinda flashi (karata tano za aina moja) au straiti (tano zinazofuatana), yaani mwenye kopa mbili au J-10, unamshinda karibu mara 4 kati ya 5. Ndiyo, wawindaji hao wapo. Ila ili ufike asilimia 36, lazima awe na kama namna 9 za uwindaji ambazo *angepandisha nazo*. Mtu uliyemweleza anazifuata tu, hazipandishi.

Mbale_Shupaza:
Na K-Q je? Si anaweza kuwa anajiona ameshinda?

Jinja_Riva:
K-Q zipo namna 8, Q-J namna 8 nyingine. Hizo ndizo zilizokuwa zinakulipa ulipobeti 20,000 na 50,000, na ndiyo maana beti zako zote mbili zilikuwa sahihi. Lakini mchezaji mtulivu mwenye K-Q anafuata kwenye tani, akiogopa A-Q yako. Akipandisha, hizo 16 zinatoka kwenye hesabu, zinabaki zile 11. Jozi ile ile iliyokuwa mbele kabla ya kupandisha inakuwa nyuma baada yake, ingawa karata hazijabadilika.

Mchezaji anayepandisha kila mkono wa tatu ni habari tofauti. Huyo mfuate.

Kopa_Mbarara:
Nakubali kutupa, ila watu wasichukue hapa kwamba jozi ya juu ni ya kucheki kila mahali. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi: mtu akisikia "cheza kwa tahadhari" anacheki flopu yenye kopa mbili, mwindaji anapata karata ya bure. Flashi kwa karata moja inaingia kama asilimia 20. Kwenye poti ya 71,000 beti ya 50,000 inamdai asilimia 29. Kwa bei hiyo pekee anakosea akifuata, na pesa hiyo ni yako. Ukicheki, umempa zawadi.

Tahadhari inatokana na ukubwa wa staki (pesa uliyobakiwa nayo) ukilinganisha na poti. Hapa kwenye flopu ulikuwa na 290,000 kwa poti ya 31,000, zaidi ya mara 9. Kwa staki ndefu hivyo, panga kupata beti mbili kutoka kwa K-Q, si staki nzima. Lakini mngeanza na 60,000 kila mmoja, mngefika flopu na 50,000 kwa poti ya 31,000, mara 1.6. Hapo usifikirie kutupa A-Q, weka zote.

Meza kavu kama K-8-3 za aina tatu tofauti ni rahisi zaidi. Ukiwa na A-K beti flopu, cheki tani, beti au fuata riva. Karata ya bure haimsaidii sana mtu yeyote pale, na poti inabaki ndogo endapo kuna mwenye 8-8. Kumbuka jozi ya mkononi hupata seti flopu mara 1 kati ya 8.5 hivi, wakiingia watu watano kwa bei nafuu, seti si ajabu.

Entebbe_Batani:
Nimeelewa, hasa hesabu ya 36. Na A-5 kwenye A-J-6 tukiwa wanne?

Kopa_Mbarara:
Hapo kika karibu haipo. 5 yako haihesabiki isipokuwa tani na riva zote ziwe ndogo kuliko 5, au 5 nyingine iingie. A-Q na A-K zinakushinda, na A-2 hadi A-4 mara nyingi mtagawana poti. Cheki flopu, au beti theluthi ya poti mara moja. Ukifuatwa na wawili, cheki tani. Riva mtu akibeti nusu poti unahitaji asilimia 25, unaweza kufuata. Akibeti poti nzima unahitaji 33, na wawili wakiwa bado wako ndani, itupe.