Wachora katoni mnatuuzia hewa halafu mnatuambia ati ni standadi!!

Wadau nisikizeni maana hii maneno imenichosha kabisa. Mimi natengeneza juisi ya embe na pasheni hapa Kisumu, chupa za nusu lita, na shida yangu si matunda, si mashine, si wateja, shida ni KATONI. Nimelipa depoziti, nimengoja mpaka nikachoka kupiga simu, boksi zikaja, naweka chupa 24 ndani, natingisha kidogo, zote zinagongana. Namuuliza mchoraji hii saizi umetoa wapi ananiambia "hiyo ndio standadi ya juisi, kila mtu anachukua hiyo". Standadi ya nani?? Sampuli ya chupa nilimpelekea mwenyewe mpaka kwa meza yake na hakuna mtu aliiwekea rula.

Hebu pigeni hesabu na mimi. Chupa yangu upana ni milimita 64, urefu 210. Ukipanga sita kwa nne unapata 384 kwa 256, ongeza kama milimita nne ndio ziingie bila kusukumana, inakuwa 388 kwa 260, urefu weka 212. Hiyo ni lita 21 na kitu. Yeye amenipa boksi la 450 kwa 320 kwa 250 vipimo vya ndani, yaani lita 36. Zaidi ya lita 14 ni hewa, asilimia 40 ya boksi nzima hakuna kitu ndani, na ananishauri nijaze magazeti ya zamani. Magazeti! Kwa chakula cha watu!

Na hiyo hewa si ya bure. Boksi la kawaida, hili la vifuniko vinne juu na vinne chini, linakatwa kwa kipande kimoja: urefu wa kipande ni pande zote nne ukiongeza ule ulimi wa kubandika, upana wake ni kimo cha boksi (kutoka chini kwenda juu) jumlisha upana wa boksi kwa sababu vifuniko vinafuata upana. Kwa hilo boksi lake hicho kipande kinakula karibu mita mraba 0.90. La saizi ya chupa zangu lingekula 0.63. Asilimia 30 ya kadibodi nalipia bure kwa kila boksi, na ndio huyo huyo kila siku analia ati karatasi imepanda bei. Kama imepanda mbona unaitupa kwa boksi langu?

Halafu ikifika stendi, wale wa paseli hawapimi kilo, wanaangalia boksi ni kubwa aje wanakutajia bei. Nikituma Kakamega nalipia hewa, nikituma Busia nalipia hewa, nikituma Nakuru ndio usiseme. Ule mzee ananisambazia huko anapanga kwa palet, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, ya milimita 1200 kwa 1000, boksi hizi ukizigeuza hivi ukizigeuza vile hazipiti saba kwa safu moja. Zangu za kupimwa zingekaa kumi. Ananiambia tu juisi yako inakula stoo yangu punguza bei, na sina la kumjibu maana anasema ukweli.

Sasa kuja kwa kubomoka ndio nataka mtu wa fani aniambie kama nakosea. Chupa iliyojaa na kufungwa vizuri ina nguvu, boksi likibana chupa mpaka juu basi uzito wa boksi la juu unashikwa na chupa pamoja na kadibodi. Lakini ukiacha milimita 40 juu ya kizibo, uzito wote unalala kwa kuta peke yake. Na hizo kuta, nilichana moja nikaangalia, yale mawimbi ya ndani ya kadibodi wameyalaza!! Mawimbi yanatakiwa kusimama wima kutoka chini kwenda juu, hapo ndio yanabeba. Mtu aligeuza shiti apate vipande vingi kwa kukata, akajiokolea makaratasi, mimi nikapata boksi linakunjika tumbo likiwekewa mawili juu. Tena nguvu nyingi ya boksi iko kwa kona, na yeye matundu ya kushikia ameyatoboa karibu na kona.

Ongeza na hewa ya ziwa. Kadibodi inanyonya unyevu, hewa ikiwa imejaa maji kama huku kwetu msimu wa mvua ndefu boksi linaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake na hujaligusa. Mtu anayechorea wateja wa Kisumu anatakiwa ajue hiyo kabla hajashika penseli. Na vijana wa kupakia wakizipanga kwa kupishana kama matofali ndio mbaya zaidi, kona ya juu inakaa katikati ya boksi la chini pale hakuna nguvu. Hawana makosa, hakuna aliyechapa hata mchoro mdogo pembeni wa kuonyesha zipangwe kona juu ya kona, lakini nembo kubwa imechapwa pande zote nne.

Dawa yake ni gani? Ati ninunue plai tano, kadibodi ya karatasi tano badala ya tatu. Yaani boksi kubwa vile vile, sasa nene zaidi, ghali zaidi. Plai tatu iliyopimwa ingetosha!

Najua kuna mtu atakuja kuniambia nipange chupa kwa kupishana safu zishikane. Kwa eneo kubwa ni kweli, vitu vya mviringo vikipangwa mraba vinajaza asilimia 78 hivi, vikipishana vinafika 90. Kwa boksi la chupa 24 pengo linarudi pembeni kwa kuta na faida inabaki kidogo sana. Pia nimejaribu hesabu ya ghorofa mbili, 12 chini na 12 juu, kadibodi ya boksi inapungua lakini ukiweka kadi ya katikati kulinda vizibo umerudi pale pale. Mimi sitaki maajabu, nataka boksi linalotosha chupa.

Na msiniambie mteja mdogo hawezi kukatiwa saizi yake. Boksi la vifuniko vya kawaida halihitaji dai ya kuchongwa, kile kibao cha visu cha kukatia umbo maalum, fundi anasogeza visu na mistari ya kukunja basi. Ni nusu saa ya kazi wanakataa, afadhali wakutolee saizi iliyobaki ya mteja mwingine.

Kama kuna mtu hapa, awe Kisumu, Nakuru, hata Eldoret, anapima chupa kwanza, anakupa boksi moja tupu la kujaribu kabla ya kukata yote, na hakulazimishi maelfu ya vipande, aweke hapa tuongee. Na wewe mwenye unauza yogati ama asali, chukua rula saa hii pima ndani ya katoni yako halafu andika hapa chini umepata hewa asilimia ngapi. Nazikusanya zote nimpelekee huyu mtu wa standadi, na salio lake halitoki mpaka anirekebishie.