Naomba ushauri: "read the riot act" kwa Kiswahili tunasemaje?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko hapa Mwanza, Kirumba, nasimamia vijana wa kupakia dagaa, juzi mzigo ukalowa mvua kwa sababu turubai liliachwa limekunjwa pembeni, bosi akatufokea wote pale pale magunia yakiwa bado yanachuruzika maji, jioni akamwandikia mteja "I read them the riot act" halafu akanitumia na mimi niwatafsirie vijana. Aisee nilishtuka, nikajua tumeshtakiwa polisi kwa fujo.

Kufuatilia nikakuta Uingereza kweli kulikuwa na sheria hiyo toka 1715, watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa vurugu wanasomewa tangazo kwa sauti, wasipotawanyika ndani ya saa moja adhabu ni kifo. Sheria ilishafutwa, msemo ndo umebaki, yaani kumkaripia mtu vikali na kumwonya akirudia atakiona.

Sasa neno ndo linanisumbua. "Kuwapa vidonge vyao" naona onyo halimo, "kuwapiga mkwara" onyo limo ila inakaa kama vitisho vya bure na huyu mzee akisema anafukuza anafukuza kweli. Vijana wana familia, nikiweka neno jepesi watachukulia poa, nikiweka zito kesho hawaji kazini.

Nyie mngesemaje? Na kwa Kiingereza, mdogo anaweza kuutumia kwa mkubwa wake au ni wa mkubwa kwa mdogo tu?