Bismathi teluraidi: ukinzani umepanda baada ya kuipasha moto, nimeiharibu?

Swali
Habari wakuu. Nina vipande vya bismathi teluraidi (nusu-kipitishi kinachogeuza tofauti ya joto kati ya ncha zake kuwa umeme) yenye seleniamu kidogo, aina ya n, yaani umeme unabebwa na elektroni, vya unga ulioshindiliwa kwa moto. Nimevifungia kwenye kichupa cha kwatzi kilichoondolewa hewa, nikavipasha nyuzi 350 za Selsiasi usiku kucha. Kigawo cha Seebeck, yaani volti inayopatikana kwa kila digrii ya tofauti ya joto, kimetoka mikrovolti 160 hadi 200 kwa kelvini (hasi, bila shaka), lakini ukinzani umepanda kama asilimia 30. Nimeviharibu?

Jibu la 1
Hujaharibu kitu, mkuu. Piga hesabu: umeme unaoupata unafuata mraba wa Seebeck, ukigawanya kwa ukinzani. Mraba umepanda mara 1.56, ukinzani mara 1.3, kwa hiyo umefaidika asilimia 20 hivi. Tena elektroni zikipungua, na joto zinalobeba linapungua, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Chanzo ni kusaga. Fuwele hii ina tabaka tabaka. Ukiisaga zinateleza na kukatika, teluriamu inatoka mahali pake, na kasoro hizo zinaachia elektroni za ziada. Elektroni zikizidi, Seebeck inashuka. Moto wa muda mrefu unazirudisha atomi kwenye mpangilio. Mimi kipande cha aina ya n cha unga ambacho hakijapashwa sikiamini kabisa, hata kama namba zake zinapendeza.

Jibu la 2
Hakikisha umepima upande uleule kabla na baada. Umeme unapita vizuri zaidi sambamba na tabaka kuliko kuzikata, na kushindilia kunazilaza. Na kama vina lehemu au shaba, vioshe kwanza: shaba hupenya kati ya tabaka upesi sana kwenye moto, kisha inaongeza elektroni.

Muulizaji
Asanteni. Nimepima upande mmoja, na shaba haikuwepo. Ila mwisho wa kichupa uliokuwa nje ya tanuri una utando mwembamba wa kijivu unaong'aa.

Jibu la 1
Hapo sasa ndipo pa kuwa makini! Hiyo karibu hakika ni teluriamu: imetoka kama mvuke ikaganda penye ubaridi, na itaendelea kutoka maadamu ubaridi upo. Kata kichupa kifupi, kiingie chote sehemu ya tanuri yenye joto sawa; mvuke ukishajaa, upotevu unasimama. Rudia na vipande vipya, ukitoa kimoja kimoja kwa vipindi. Seebeck ikiacha kubadilika, zima tanuri.