iPod ya zamani kwenye redio ya gari: transmita ya FM, adapta ya kaseti au bluetooth?

Msafiri_Nyika
Wakuu, salaam. Nina kichezaji cha muziki cha siku nyingi, kimejaa nyimbo ambazo nyingine hata sikumbuki nilizitoa wapi, na sina mpango wa kuanza kuzitafuta upya. Nataka zisikike kwenye redio ya gari. Nimeonyeshwa transmita ya FM (kidude kinachorusha muziki hewani kama stesheni ndogo, redio iushike), adapta ya kaseti na kidude cha bluetooth, bei hazipishani sana. Nichukue kipi? Nina safari ndefu karibuni.

FundiWaya
Mkuu unataka tukupigie ramli. Kichezaji gani? Redio gani? Ina mdomo wa kaseti? Kuna tundu la AUX (la kuchomeka waya wa sauti) au USB? Hivi vidude huchagui wewe, inachagua redio yako. Weka picha.

KijanaWaLeo
Bluetooth, funga uzi. Nyaya kuning'inia kwenye gia ni mambo ya kale.

FundiWaya
@KijanaWaLeo unajua kama kichezaji chake kina bluetooth? Na redio yake je? Redio nyingi za mwanzo zilikuwa na bluetooth ya simu peke yake, hazina A2DP, ambayo ndiyo inayobeba muziki. Mtu anaongea na simu vizuri kabisa, akiweka wimbo kimya.

Bi_Kaseti
Kama redio ina mdomo wa kaseti msimzungushe. Adapta ya kaseti haitafuti masafa, haiombi namba ya siri, haitaki chaja. Ndani yake kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha deki, basi, muziki unapita. Kabla ya kuitumia futa kichwa cha deki kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia ujue uchafu huo ndio uliokuwa unameza sauti nyembamba.

Nahodha_Mstaafu
Dada @Bi_Kaseti umesema kweli, ila hujasema deki zinazojigeuza upande. Meno ya adapta yakianza kuchoka, deki inadhani mkanda umeisha, inageuza, inageuza tena, mwisho inakutemea. Na kuna deki zinazomeza kaseti nzima na kufunga kifuniko: waya unabanwa pale mdomoni mpaka unakatika kwa ndani. Kwa nje mzima, spika moja imekufa.

Bi_Kaseti
Ndiyo maana mtu ananunua adapta nzuri, mzee wangu.

Msafiri_Nyika
Haya wakuu, nimeenda kuangalia. Kichezaji ni iPod Classic. Redio ni ile iliyokuja na gari, ina CD na kaseti, vitufe vingine vina maandishi ya Kijapani. AUX sioni, USB hakuna.

FundiWaya
Hapo sasa tunaongea. iPod Classic haina bluetooth ya namna yoyote. Ukitaka njia hiyo unahitaji kidude cha kurusha kwenye iPod, na kingine cha kupokea upande wa redio. Na cha kupokea nacho kwa kawaida kinatoa sauti kwa waya wa AUX, ambao redio yako haina pa kuuchomeka. Kwa hiyo bluetooth iweke pembeni.

KijanaWaLeo
Si ahamishie nyimbo kwenye simu?

Msafiri_Nyika
Simu sitaki. Ikiita katikati ya wimbo inanikera.

Masafa_88
Mkuu, maandishi ya Kijapani ndiyo kiini cha uzi huu na watu wamepita kando. Washa FM, zungusha mpaka mwisho wa juu, utuambie namba inaishia wapi.

Msafiri_Nyika
Inaishia 90.0. Lakini stesheni zote za kawaida nazipata, ila namba zake hazilingani na zinazotangazwa.

Masafa_88
Nilijua. FM ya Japani ilikuwa 76 hadi 90 MHz, baadaye wakaisogeza hadi 95. Nchi nyingi zinatumia 87.5 hadi 108, na transmita nyingi za madukani zimetengenezwa kwa hiyo. Redio yako na transmita zinakutana kwenye kipande kidogo tu, 87.5 mpaka 90.

Kwa kuwa stesheni unazipata, nyuma ya redio kuna kishusha masafa, kikopo kidogo kilichowekwa kwenye waya wa antena. Tafuta stesheni unayoijua namba yake halisi, uone redio inaonyesha ngapi. Kama ya 98.0 inasomeka 86.0, kishusha chako kinapunguza 12. Basi transmita ukiiweka 101.3, kwenye redio utaitafuta 89.3. Watu wanatupa transmita nzima wakidhani ni mbovu, kumbe wanaitafuta mahali ambapo haipo.

Msafiri_Nyika
Duh. Hilo dukani hakuna aliyenigusia.

KijanaWaLeo
Sawa, lakini transmita sauti yake kama mtu anaimba ndani ya pipa.

Masafa_88
Pipa gani? FM ya stereo inabeba sauti mpaka 15 kHz, juu ya hapo inakatwa kwa sababu pale kwenye 19 kHz kuna mawimbi ya kuijulisha redio kwamba hii ni stereo. Wengi wetu wenye umri masikio yameshaacha kusikia huko juu, na gari likiwa kwenye mwendo ngurumo ya matairi inafunika kilichobaki.

KijanaWaLeo
Mimi nasikia.

Masafa_88
Hongera.

Nahodha_Mstaafu
Tatizo la transmita si pipa. Tatizo ni safari ndefu. Masafa uliyoyakuta matupu unapoanzia, ukienda mbele kidogo yana stesheni yenye nguvu. Uko katikati ya wimbo unaingiliwa na mhubiri. Unaanza kuhangaika na vitufe huku unaendesha. Kwa safari hiyo mimi namuunga mkono Bi Kaseti, pamoja na kaseti zake zinazotema.

Bi_Kaseti
Asante mzee. Leo umenena.

Kobe_Polepole
Mnamzungusha bure, abadilishe redio aweke yenye USB. Ila ngoja niwasimulie yaliyonikuta, ili achague fundi kwa macho mawili. Nilipeleka gari kwa mtu wa kufunga redio, amesifiwa kweli. Badala ya kutafuta soketi ya kuunganishia, akachukua koleo akakata soketi ya gari, nyaya zote chwaa. Akazisokota kwa vidole, akazungushia tepu nyeusi. Redio ikawaka, taa zinacheza rangi, nikalipa, nikaondoka nafurahi.

Asubuhi gari haliwaki. Nikasukumwa, likawaka. Siku nyingine tena vilevile. Nikaambiwa betri imekufa, nikanunua mpya. Nayo ikalala. Mwishowe fundi umeme mwingine akafungua dashibodi, akakuta waya wa njano na mwekundu wa redio vyote vimeunganishwa kwenye umeme usiozimika. Wa njano ndiyo unatakiwa kukaa na umeme muda wote, utunze saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukigeuzwa. Kumbe redio yangu haikuwa inalala usiku kucha, kioo kilizima tu. Na ile tepu kwa joto la dashibodi ilikuwa imeyeyuka, imebaki gundi inayonata vidoleni, nyaya zimeachana nusu. Nilimrudia aliyefunga, akaniambia gari langu ndilo lina shida ya asili.

FundiWaya
Pole sana mkuu. Akikata soketi, hapo hapo mnyang'anye koleo. Soketi za kuunganishia zipo, unachomeka upande huu na upande huu, hakuna waya unaoguswa.

KijanaWaLeo
Na akibadilisha redio, iPod Classic akiichomeka USB itasoma?

FundiWaya
Inategemea redio. Ikiwa imeandikwa inakubali iPod, itasoma orodha na kuchaji. Ikiwa ni ya flashi tu, usitegemee: nyimbo ndani ya iPod zimefichwa kwenye folda, na faili zenyewe zina majina ya herufi nne nne yasiyoeleweka. Ni heri anakili kwenye flashi, na aifomati FAT32, maana mifumo mingine ya kupanga faili, NTFS na exFAT, redio nyingi haziijui.

Msafiri_Nyika
Redio sibadilishi, gari napenda lilivyo. Nimebaki na kaseti au transmita. Na nikiichaji huku inaimba?

FundiWaya
Swali zuri. Ukichaji kutoka kwenye tundu la kiwasha sigara huku sauti inapita kwa waya, unaweza kusikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta. Hiyo ni kelele ya alternata, mtambo wa injini unaozalisha umeme, inapita kwenye ethi (waya wa hasi) mbili, ya chaja na ya redio. Dawa yake ni kikopo chenye transfoma ndogo ndani, unakiweka kwenye waya wa sauti. Au chaji nyumbani, ukae na amani.

Pia, usitumie tundu la hedifoni kama unaweza kupata kebo ya pale chini pa kuchajia. Pale sauti inatoka kwa kiwango kimoja, haiguswi na volyumu ya iPod. Ukilazimika kutumia hedifoni usipandishe mpaka mwisho, itakwaruza.

Bi_Kaseti
Wengine tunatumia tundu la hedifoni miaka yote na muziki ni mtamu tu.

Nahodha_Mstaafu
Msafiri, kabla ya yote, kaseti yoyote ya kawaida unayo? Ichomeke kwanza. Deki iliyokaa bila kazi mikanda yake ya mpira hulegea. Usije ukanunua adapta kumbe deki yenyewe haizungushi.

Msafiri_Nyika
Kaseti ninayo moja. Nikipata nafasi mwisho wa wiki nitajaribu, na ile hesabu ya masafa nitaifanya pia, nirudi na majibu.

Kobe_Polepole
Na iPod yenyewe betri bado inashika? Yangu ilivimba mpaka mgongo wa bati ukaachia pembeni.

KijanaWaLeo
Hapo uzi umehama. Ila na mimi nisaidieni: redio yangu ina USB, nyimbo nimezipanga vizuri kwa namba, inacheza ovyo ovyo. Kwa nini?

Masafa_88
Redio nyingi hazifuati jina, zinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Futa, kisha nakili moja moja kwa mfuatano unaoutaka. Au nunua kaseti.