Vinasa sauti vitatu msituni: nitajuaje chensoo inalia wapi?

Skauti_Uvinza: Habarini wakuu. Niko kamati ya maliasili ya kijiji, Uvinza huku Kigoma. Msitu wetu wa kijiji una mininga mizuri na sokwe wanapita humo. Wakataji wanaingia alfajiri na chensoo. Tukifuata mlio, mabonde yanaurudisha, tunaishia kilima ambacho hawapo. Inauma sana. Tuna vinasa sauti vitatu, tumevitega pembetatu, mita 500 kati ya kimoja na kingine. Chensoo, sokwe na ndege vyote vimeingia kwa pamoja. Nitenganisheje, na nijueje mahali?

Fundi_Mawimbi: Mkuu, hongereni kwa kazi. Anza na mahali. Kwenye joto la nyuzi 25 sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Mlio ukiwahi kinasa A nusu sekunde kabla ya B, chanzo kiko karibu na A kwa mita 173 zaidi. Vinasa viwili vinakupa mstari uliopinda tu, chanzo kiko popote juu yake. Cha tatu kinaleta mstari wa pili, angalia inapokatana. Wakati mwingine inakatana mara mbili, ndiyo maana cha nne kina faida.

Ila kinachoniogopesha ni saa za hivyo vinasa. Je, vina GPS ya kusawazisha saa zake?

Skauti_Uvinza: Havina, na hela ya vingine hakuna.

Fundi_Mawimbi: Basi sikiliza. Saa za vinasa viwili zikipishana mwendo sehemu 20 tu kwa milioni, kila saa moja zinaachana milisekunde 72, sawa na mita 25. Vikilala msituni kwa muda wa saa nane, kosa linafika karibu mita 200. Hapo mnapelekwa bonde jingine kabisa. Azima kipande cha reli kama kile cha kengele ya shule, simama katikati ya pembetatu (mita 290 hivi kutoka kila kinasa), ugonge mwanzo wa kurekodi na mwisho. Katikati umbali ni uleule, kwa hiyo mlio ulipaswa kuingia kote kwa wakati mmoja. Tofauti utakayoiona ni ya saa. Igawanye kwenye muda wote wa rekodi.

Binti_Tongwe: Naongezea. Ukitafuta tofauti ya muda kati ya rekodi, usilinganishe pale chensoo inaponguruma sawasawa. Mlio unajirudia, programu itakuletea majibu mengi yanayofanana. Chukua pale anapoongeza moto ghafla, au mti unapoanguka. Tafuta programu yenye njia ya GCC-PHAT (hesabu ya kulinganisha rekodi mbili kupata tofauti ya muda), ya Knapp na Carter wa mwaka 1976, inapunguza usumbufu wa mwangwi.

Kutenganisha kunataka maiki zilizo karibu, kwenye saa moja. Zikiachana sentimita 10, zinafaa kwa sauti za hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,700 hivi. Unachelewesha kila maiki kidogo, unajumlisha, upande unaoutaka unapanda na mwingine unafifia. Kwako si lazima: sokwe hupaza sauti akatulia, chensoo inaendelea. Kata kipande ambacho chensoo inalia peke yake.

Mama_Ujiji: Mwanangu, mkishapata nukta msiende wenyewe. Hao wana mapanga. Mpigieni afisa misitu wa wilaya kwanza.

Skauti_Uvinza: Shikamoo mama, nimekuelewa. Fundi, wakikatia nje ya pembetatu je?

Fundi_Mawimbi: Upande utaupata, umbali utayumba sana. Hamisha vinasa viizunguke mininga yenyewe.