Mashua ya mbao yenye dizeli au boti ya faiba yenye mashine ya kupachika kwa uvuvi wa mkondo wa Pemba?

Kikundi Kipumbwi (mwanzisha mada)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Sisi ni wavuvi watano wa Kipumbwi, wilaya ya Pangani. Tumezoea ngalawa na maji ya ndani ya miamba, na sasa tunataka kutoka nje, kwenye mkondo wa Pemba, tukafuate nguru na jodari kwa mshipi, na kwa jarife, wavu mrefu wa kunasa samaki, nyakati za giza la mwezi. Eneo tunalolikusudia liko maili 15 hadi 18 za baharini kutoka mwaloni kwetu, na maili nitakazotaja ni za baharini zote.

Tumebakiwa na machaguo matatu. La kwanza ni mashua ya mbao ya mita 9 yenye tanga na dizeli ya ndani. La pili ni boti ya faiba ya mita 7 na nusu yenye mashine moja ya kupachika nyuma ya chombo, ya nguvu ya farasi 40, aina ya kuchanganya oili na petroli. La tatu ni boti hiyohiyo ikiwa na mashine mbili za farasi 15 badala ya moja ya 40. Bei zake hazijapishana kiasi cha kutuamulia, kwa hiyo tunaomba hoja za wanaoijua kazi yenyewe.

Fundi Mbao, Nungwi

Waaleikum salaam, vijana wangu. Umbo la chombo ndilo linaloamua mashine, kwa hiyo nitaanzia hapo. Mashua yenye mkuku (mti mrefu wa chini kabisa ya chombo) na tumbo la mviringo hupita ndani ya maji, haipandi juu yake, na chombo cha namna hiyo kina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake unaogusa maji. Mashua ya mita 9 huwa na takriban mita 8 majini, na kikomo chake ni karibu maili 7 kwa saa. Ukishafika hapo, kila farasi unayoongeza hugeuka kuwa wimbi nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) na deni kwa muuza mafuta. Nimeona watu wakifunga farasi 40 kwenye mashua ambayo farasi 15 zingeifikisha palepale kwa dakika zilezile.

Kwa chombo cha tani 4 kikiwa kimepakia, dizeli ya farasi 12 hadi 20 inatosha. Tena msikimbilie kikomo, kwa sababu mashua ikipunguzwa mwendo kwa sehemu moja ya kumi tu, mafuta ya safari nzima hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano.

Gharama ya mbao ipo kwenye matunzo. Mvule umekuwa wa taabu kupatikana. Mashua hutakiwa kupandishwa nchi kavu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, ichomwe chini kwa makuti makavu kuua minyoo inayotoboa mbao, ipakwe shahamu na chokaa, na kalafati, pamba inayoziba kati ya mbao, ikaguliwe ubao kwa ubao. Mwenye uvivu wa kazi hii asinunue mbao. Kwa upande mwingine, ubao ukivunjika Kipumbwi mtapata seremala wa kuutoa na kutia mwingine.

Gereji ya Gati, Tanga

Nakubaliana na fundi kuhusu kikomo cha mwendo, nami nitaleta hesabu ya mafuta. Kwa makadirio ya kawaida, mashine ya mipigo miwili, yaani ya kuchanganya oili, ikifunguliwa mafuta yote hula kiasi cha lita 0.4 hadi 0.45 za petroli kwa kila farasi kwa saa, ya mipigo minne hula lita 0.3 hadi 0.35, na dizeli lita 0.2 hadi 0.25. Kwa hiyo farasi 40 ya kuchanganya oili hufikia lita 16 hadi 18 kwa saa. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, lita 50 za petroli hudai lita nzima ya oili, jambo ambalo wengi hawaliweki kwenye hesabu zao.

Chukueni safari ya maili 18 kwenda na 18 kurudi. Boti ya faiba iliyo nyepesi, ikikimbia maili 14 kwa saa, itatumia saa mbili na nusu na karibu lita 40. Mashua yenye dizeli ya farasi 20, ikienda maili 6 na nusu kwa saa bila kulazimishwa, itatumia saa tano na nusu na lita 20 hadi 22. Mashua inawapunguzia mafuta kwa nusu lakini inawaongezea saa tatu za safari, na ninyi ndio mnaojua saa tatu hizo zina thamani gani.

Kuhusu aina ya mashine, Yamaha Enduro ya 40 imetapakaa pwani yote kwa sababu haina kompyuta, ina uzito wa kilo 70 na kitu, na vipuri vyake hupatikana hata kwenye maduka madogo. Ya mipigo minne yenye nguvu hiyohiyo inakaribia kilo 100, inahitaji kumwagwa oili baada ya saa 20 za mwanzo na kila saa 100 baadaye, na ikigoma baharini, spana na plagi mpya havitoshi kuiamsha. Mafuta inaokoa kweli, ila kwa watu wanaoanza, walio mbali na gereji, sioni kama ndiyo mashine yao ya kwanza.

Nahodha Shimoni

Hamjambo jamani. Mie niko upande wa Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, na mkondo huo wa Pemba ndio shamba letu pia. Hesabu za mwenzetu wa Tanga ni sahihi kwa bahari iliyolala. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kati ya Mei na Agosti, boti ya faiba ya mita 7 na nusu haitakimbia maili 14 katikati ya mkondo ule. Kina kinapita mita mia kadhaa, mawimbi hayana kizuizi, na boti yenye tumbo bapa hupiga maji kwa kishindo hadi nahodha mwenyewe anapunguza mwendo, akafika maili 8 au 9 huku mashine ikila kama kawaida. Mashua yenye mkuku itayumba na kuwachosha, lakini mwendo wake utabaki palepale.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko mafuta. Maji ya pwani yetu hukimbilia kaskazini, na kusi huyaongezea kasi. Chombo kikizimika usawa wa Pangani hakitawangoja pale, kitapelekwa kuelekea huku kwetu, na usiku mmoja ni mrefu wa kutosha kukipotezea watafutaji. Kwa hiyo swali langu kwa kila chombo ni hili: mashine ikifa, kinarudi kwa nini? Mashua inarudi kwa tanga. Boti yenye mashine mbili inarudi kwa ile iliyosalia. Boti yenye mashine moja inarudi kwa kuvutwa, ikiwa yupo wa kuivuta. Boti za hapa Shimoni zinazowapeleka wageni kuvua sulisuli, nyingi zina mashine mbili, wala si kwa ajili ya mbio.

Kwa hivyo chaguo la pili ningelifuta leo.

Gereji ya Gati, Tanga

Bwana Nahodha, naafiki, ila naongeza sharti. Mashine mbili zinazonyonya tangi moja ni kama mapacha wanaokula chungu kimoja: mafuta yakiwa na maji, zinazima zote kwa dakika hiyohiyo. Ninapoletewa mashine iliyozimika baharini, mara nyingi nakuta maji au uchafu kwenye kabureta, na chuma chenyewe ni kizima. Kila mashine iwe na tangi lake, mpira wake na chujio lake la kutenga maji, na petroli ichujwe kabla ya kutiwa. Mashine ziwe za aina moja, ili plagi, impela ya pampu ya maji na pini za rafadha (pangaboi) za akiba zifae kote.

Mbili za 15 zitaisukuma boti ya mita 7 na nusu vizuri ikiwa nyepesi tu. Ikipakia, hazitaipandisha juu ya maji. Moja peke yake itawarudisha kwa maili 5 kwa saa, bahari ikiwa na huruma.

Muuza Nguru, Feri

Mabwana mnazungumzia mwendo, na hakuna aliyetaja barafu. Mimi ni mnunuzi, na jodari ninayemkataa ni yule aliyekaa juani saa mbili akiwa hajatolewa damu. Samaki huyu hutoka majini akiwa na joto kali mwilini, na asipopozwa mara moja nyama yake hujenga sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa joto la pwani tunahesabu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, tena ndani ya sanduku lenye ukuta wa kuzuia joto.

Sasa wekeni hilo kwenye chombo. Kilo 250 za barafu, kilo 250 za samaki, watu watano, jarife iliyolowa na mafuta. Hiyo ni zaidi ya tani moja. Boti ya faiba mliyohesabiwa maili 14 ni boti iliyo tupu. Nawaona wanaoingia Feri, soko letu la samaki Dar es Salaam, wakiwa na mzigo kamili: omo (mbele) iko juu, tezi imezama, wanajikokota. Anayetegemea mbio badala ya barafu huwa na mbio asubuhi tu, wakati samaki hayupo.

Kikundi Kipumbwi (mwanzisha mada)

Tunashukuru sana, hasa dada wa Feri, kwani hesabu ya uzito hatukuwa nayo. Inaonekana mizani inaelemea kwenye mashua, lakini kuna kikwazo. Kwetu maji yakitoka hutoka mbali. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na chombo chenye mkuku na rafadha isiyoinuka kitangoja maji yajae ndipo kiingie, huku samaki wakiwa ndani. Mashine ya kupachika huinuliwa, kazi ikaisha. Je, haiwezekani mashua hiyohiyo ya mbao, ya tezi bapa, ikafungwa mashine ya kupachika ya farasi 15 au 25, na tanga likabaki?

Fundi Mbao, Nungwi

Inawezekana, na vyombo vya namna hiyo vipo vingi, Unguja na bara. Jarife huhitaji chombo kinachotulia watu wakisimama ubavuni kuvuta wavu usiku, na mashua pana inalitimiza hilo kuliko boti nyembamba. Ila tezi ijengwe kwa kazi hiyo tangu mwanzo, kwa ubao mzito uliofungwa kwenye mataruma (mbavu za chombo) ya nyuma kwa magoti ya mti uliopinda wenyewe. Tezi ya mashua ya tanga iliyotobolewa baadaye huanza kuachia maji kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo) katika msimu mmoja.

Gereji ya Gati, Tanga

Hapa sikubaliani moja kwa moja. Rafadha ya mashine ya kupachika ni ndogo na huzunguka kwa kasi, na kwa chombo kizito kinachokwenda maili 6 nguvu nyingi hupotea kwa kuchuruza maji. Farasi 15 ya petroli ikifanya kazi ya kutwa itawala lita 6 kwa saa, pale ambapo dizeli ingetosheka na 4. Kwa safari moja ni kama lita 12 za ziada. Mkienda mara nne kwa wiki msimu wote, fedha hiyo inanunua dizeli.

Kama hata hivyo mwalo unawalazimisha, msichukue rafadha iliyokuja na mashine. Itakuwa imekusudiwa boti nyepesi. Ombeni yenye hatua fupi, yaani inayosonga umbali mdogo kwa kila mzunguko, kisha pimeni: chombo kikiwa kimepakia na mafuta yamefunguliwa yote, mashine ifikie mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Isipofika, inaelemewa, na haitamaliza miaka yake.

Nahodha Shimoni

Lita 12 mie ningezilipa, kwa sababu mashine ya kupachika ikiharibika hupelekwa gereji ikiwa begani kwa watu wawili, na chombo kikaendelea kwa tanga au kwa mashine ya kuazima. Dizeli ikiharibika, chombo chote kimelala. Lakini tanga liwe tanga la kweli, lenye foromali (mti unaobeba tanga) na kamba nzima, na mlifanyie mazoezi kila wiki. Tanga lililokunjwa mwaka mzima na kuliwa na panya ni mzigo tu. Na jaketi okozi tano, redio yenye chaneli 16 ya kuomba msaada na kifaa cha kuonesha mahali mlipo viingie kwenye bajeti kabla ya rangi.

Kikundi Kipumbwi (mwanzisha mada)

Tumekaa na wenzangu. Boti ya faiba tumeiweka kando, kwa kuwa jarife na barafu ndizo zitakazotulisha. Tunaelekea kwenye mashua ya tezi bapa yenye tanga na mashine ya kupachika ya farasi 15, na ikiwa msimu wa kwanza utakwenda vizuri, tutaongeza ya pili ya aina hiyohiyo. Wiki ijayo tunavuka kwenda Nungwi kuona chombo. Mzee Fundi, tukifika tukague nini kwanza?

Fundi Mbao, Nungwi

Njooni maji yakiwa yametoka, chombo kikiwa kimelala mchangani, muuone mkuku wote. Chukueni kisu kidogo mchome mbao zilizo karibu na mkuku na chini ya tezi. Kisu kikiingia kwa urahisi, minyoo imeshafika. Ondoeni mbao za sakafu mtazame misumari kwenye mataruma kama inalia kutu. Ulizeni kilipakwa shahamu lini, na muulize baharia, msimuulize mwenye chombo.

Gereji ya Gati, Tanga

Na pimeni kimo cha tezi kutoka ukingo wa juu hadi chini ya chombo kabla ya kununua mashine. Mguu mfupi ni wa tezi ya sentimita 38, mrefu ni wa sentimita 51. Kwa bahari ya nje, na kwa mashua inayoinua tezi kila wimbi linapopita, chukueni mrefu na tezi ijengwe kuufuata. Mfupi utakuwa unatoka nje ya maji kila mara, mashine ikivuma bila kazi na pampu ikinyonya hewa badala ya maji ya kupozea.